Pengwini na Kijishetani

Kompyuta ya Shekue ina kijishetani chekundu, uma mkononi.
Mamake, Kibokoni, hukifunika kwa leso kabla ya kuswali.
Yangu ina pengwini, kanenepa kama bwana harusi.

Miaka mitatu twabishana:
leseni yako yabana,
yako yagawa hata kwa mwizi.
Mahamri ni yale yale ya Mishi,
meza mbili.

Jana waifai ya maktaba, Tononoka, ikafa.
Mfumo wangu hauna dereva.
Wake unaye,
kaandikwa na mgeni wa mbali
juu ya mistari niliyoitengeza mimi mwaka juzi.

Shekue akalisoma jina langu kwa sauti,
akanisogezea kahawa chungu.
"Leseni yako," akasema, "bado mbovu."