Na Mmoja

Leo sitaki kalamu
wala wino wa kudumu;
nina kazi ya msimu,
burashi nimeshapewa.

Maji yenyewe baridi,
vidole vinakaidi,
nasugua kwa juhudi
kuvu ipate tolewa.

Ni Averdon, mlimani,
Uingereza kusini;
wacheza gofu nyasini
hupita wana kahawa.

Chumbani nilipokodi
mwenye nyumba, Bibi Judi,
husimulia zaidi
kila chai ikitiwa.

Vita Kuu kuitisha,
gari moshi likashusha
wanachuo kwa bashasha
na makarani, wakawa

kuruta wa uafisa.
Miezi sita darasa:
saluti, kisha kukosa,
upya tena kuambiwa.

Mahandaki wakachimba
kando ya njia na shamba;
kondoo humo, kwa kamba,
usiku huopolewa.

Mahandaki ya mzaha,
risasi bila jeraha,
maadui kwa furaha
hufa, tena huzaliwa.

Kambi haikuwatosha,
wenyeji wakakodisha;
Bi Kezia akawasha
jiko: chai na maziwa.

Ndiyo nyumba yetu leo.
Vitanda viwili vyao
havipoi joto lao
kabla wapya kugawiwa.

Mmoja hupewa nyota
begani, kisha kupita:
moshi, Ufaransa, vita.
Shuka zake zafuliwa.

Barua huja. Ya pili
fupi kuliko awali.
Ya tatu ni ya wakili:
sanduku lachukuliwa.

Ivo Lacey, wa mwishoni:
mluzi wake jikoni
ulimkera jirani
pamoja na zake njiwa.

Siku mbili kabla nyota
homa ikamkamata,
hewa akiitafuta,
hazikumfaa dawa.

Kezia kampangusa,
bega tupu kaligusa,
buti kamfunga kabisa
kama shule achelewa.

Vita kwisha, ikaketi
kanisani, kwenye viti
vya shule, ile kamati;
chai nyingi ikanywewa.

"Majina mengi ni ghali,
kila herufi ni mali,
ichongwe namba!" Kanali
kasema, wakaelewa.

Elfu mbili na sabini
waliofunzwa mlimani
wakaanguka vitani,
ndio wamehesabiwa.

"Na Ivo?" kahoji mama.
Kanali akatazama
saa yake, akasema:
"Nyota huyo hakupewa.

Si afisa, si askari;
vitani hakusafiri.
Mchongaji yu tayari,
pauni zimetolewa."

Hakujibu. Akatoka,
akashuka, akafika,
shuka mbili katandika,
mlango ukafungiwa.

Vita vingine vikaja;
lori lapanda daraja,
pembe ikavunjwa moja,
saruji ikatumiwa.

Njia ilipopanuka
jiwe zima likang'oka,
mibani likajiweka,
mgongo pasipo hewa.

Ndipo leo nikapenya,
na miba ikinifinya;
kuvu nikaitapanya:
chini, pamechimbuliwa.

Si patasi: msumari
ulikwaruza kwa ari
herufi bila mistari,
mbili, tatu, zimeliwa.

Nilisoma moja moja
kwa kidole, nikingoja:
neno *na*, neno *mmoja*.
Tarehe haikutiwa.

Vita hivyo, wapagazi
wetu walifia kazi;
majina hayako wazi.
Kariakoo ukiwa

wanunua kitambaa
ama redio na taa,
huwazi mgongo na njaa
jina lilimotolewa.

Msimamizi kashuka,
maandishi kayashika:
"Uhuni. Futa haraka.
Saa tisa, twachelewa."

Nikavua glavu zangu;
kwa ukucha, kwa uchungu,
nikaondoa ukungu
hadi kwa zilizoliwa.

Akauliza: "Kwa nini?"
Nikajibu, magotini:
"Elfu mbili na sabini
na mmoja. Sasa sawa."