Zamu ya Popo

Ua la doriani halina habari na jua.
Hungoja magharibi ipite ndipo lifunue mdomo,
litoe harufu ya maziwa yanayoanza kuganda,
na kabla ya alfajiri stameni zimeshapukutika,
zimetanda chini kama ufagio uliofumuka.
Lina usiku mmoja tu. Mmoja.

Kwa hiyo saa mbili nipo juu ya ngazi,
taa kipajini, mkononi brashi ya rangi
aliyoisahau mwanangu alipomaliza shule,
na kikopo cha chavua niliyoikung'uta
kwenye mti wa Foo Sang, ng'ambo ya mfereji,
maana wangu hautaki chavua yake wenyewe:
una haya ya maharimu, utadhani binadamu.

Chini, Kulop ameshika ngazi. Anakohoa.
Miaka kumi na tisa alitoboa mlima wa chokaa,
ule wa upande wa Ipoh, akautia baruti.
Mlima ukawa saruji, saruji ikawa maduka,
na fungu letu likawa mabati ya paa,
ada za watoto, hii ngazi.
Hakuna aliyemwambia kwamba ndani mna pango.
Au aliambiwa. Sijamuuliza.
Popo walitoka mchana, anasema, siku ya mwisho,
kama moshi usiojua uende wapi.

Msimu uliofuata maua yalijaa matawini,
tukaanza kupiga hesabu za pikipiki.
Yakadondoka yote.
Tukalaumu mvua, tukalaumu mbolea,
tukamlaumu hata Foo Sang.

Sasa nagusa ua baada ya ua,
ncha ya brashi kwenye kinundu chenye unyevu,
mia mbili, mia tatu, shingo inawaka moto.
Katika kumi labda moja litashika,
liwe tunda la miiba la kilo mbili,
lianguke lenyewe usiku, miezi minne ijayo,
bila kuomba ruhusa ya kichwa cha mtu.
"Umefika wapi?"
"Tawi la tatu."

Kisha kitu kinapita karibu na sikio,
bawa la ngozi, upepo wake shavuni.
Kinang'ang'ania shada, uso umezama,
kinakunywa kama mwenye kudai deni,
kinainuka na masharubu ya chavua.

Nazima taa.
"Mbona giza?"
Tawi la nne sitaligusa leo, wala la tano.
"Shikilia ngazi," namwambia. "Mwenye zamu yuko."

Chini, kikohozi kinakatika.
Amekibana.