Kalamu ya Risasi

Sajini Shaame Faki hapigi kelele.
Ananyanyua kidude cheusi, kidogo kama sabuni ya mgeni,
na kidude kinalia: piii.

Mkono kiunoni, kifungo cha ala chang'oka,
bastola yapanda, kushoto yaipokea kifuani
kama shoga apokeaye sinia mlangoni,
kisha mbele, kisha mlio, mlio, sita,
na ganda moja linanitumbukia kolani
likaniunguza shingo.
"Tano na nukta nane," asema Sajini.
Nikachekelea.
Tukaenda mpaka kwenye karatasi. Matundu mawili.
Manne waulizwe minazi ya Vitongoji.

"Koplo Bikombo," akasema, "umewahi sana kukosa."

Zimebaki wiki tatu. Mashindano ya vikosi yapo Unguja,
na katika orodha ya Pemba jina langu
limeandikwa kwa kalamu ya risasi,
ile inayofutika.

Usiku silaha hulala ghalani, kwa saini.
Nyumbani nina gunzi la muhindi.
Ala juu ya kanga, nimesimama mbele ya kabati,
nachomoa gunzi, narudisha gunzi, mara arubaini,
na mwanangu Mbarouk, nyuma ya mlango,
analia piii kwa mdomo, wakati asioujua mtu.
Mama yuko mkekani na kofia ya watu, anashona viua.
Hanitazami.
"Gunzi lako lina kelele," asema.
"Kiwiko chatoka upande kwanza, ndipo kikarudi.
Njia moja waipita mara mbili."

Nikakaa nikamtazama yeye.
Sindano haikimbii. Yaingia, yatoka,
na kabla haijatoka
jicho limeshatangulia tundu la pili.
Sikuuona mkono wake ukifanya haraka hata mara moja,
na kiua kilikuwa kimekwisha.

Alfajiri, kituoni. Bastola tupu, imekaguliwa mara mbili.
Sajini anaweka sarafu ya mia mbili juu ya mtutu.
"Vuta. Isianguke."
Ikaanguka. Ikaanguka. Ikabingirika chini ya meza ya zamu.
Kumbe mwizi wangu ni kidole:
chavuta kabla sijakituma,
chaogopa mlio ambao haumo.
Siku ya nne sarafu ikakaa.
Nikajifunza kukitazama kile kichuma cha mbele, hicho tu,
kisimame wazi kama alifu,
na karatasi niiache iwe ukungu.

Watu husema haraka haina baraka.
Kidude hakijui methali. Kinahesabu.
Kumi na moja, zote sita ndani. Kumi. Tisa na nusu.
Siku moja ng'ombe wa mtu akakatisha mbele ya tuta,
tukashusha silaha sote, tukamngoja robo saa atafune.
Sajini akasema hilo nalo ni zoezi.
Nane. Saba na nukta mbili.

Sijui kama siku moja nitamlenga mtu.
Naomba iwe karatasi mpaka nistaafu.
Hili sijamwambia Sajini.

Jana: sita na nukta tisa.
Matundu matano duarani, yamesogeleana kama ndugu penye msiba,
la sita juu ya mstari wenyewe, nusu ndani, nusu nje.
Sajini akainama, akalitazama sana,
akasimama, akapangusa magoti, hakusema kitu.

Karatasi nikaja nayo nyumbani.
Mama akaipitisha kidole, tundu kwa tundu,
macho yake siku hizi yapo kwenye vidole.
"Haya matano uliyashona," akasema.
"Hili la mwisho ulikuwa umeshamaliza moyoni."

Nikataka kumjibu.
Nyuma ya mlango Mbarouk akalia: piii,
na mkono, wenyewe, njia moja, bila kelele,
ukashuka kiunoni.
Hapakuwa hata na gunzi.