Wafu Hawatozwi

Kwetu neno hilo liliingia kwa mlango wa mahakama.
Tukalibandika irabu mkiani, likawa faini:
la karani na muhuri, la baiskeli isiyo na taa.
Hatukuuliza kama kwao lina ndugu.

Ndugu zake nimewakuta Lerwick,
nilipopanga chumba cha juu kwa Osla Halcrow,
kisiwani, ambako hakuna mti wa kuugombeza upepo.

Asubuhi ya kwanza alivuta pazia.
Nje rasharasha, ile isiyoanguka, inayoelea tu
mpaka ukajikuta umelowa.
"Fain," akasema, akisugua kidole kwa kidole
kama anayepima unga uliochekechwa.
Saa sita jua likachungulia,
kondoo wakang'aa mlimani kama waliofuliwa.
"Fain," akasema tena, akatoa viti nje.
Nikaandika daftarini: nyembamba. Nikaandika: njema.
Nikaacha nafasi.

Jioni akanionyesha shali yake,
sufu ya shingoni mwa kondoo, kaisokota mwenyewe.
Akavua pete ya ndoa, kwa sabuni, kidole kimevimba,
akaipitisha shali nzima ndani yake
kama moshi katika tundu la ufunguo.
Laini, nikasema.
Akacheka: laini, fain,
watoto wa mama mmoja, baba mbalimbali.

Maandishi ya kisisimizi chini ya mkataba wa bima: fain.
Dereva aliyesimama nivuke na mzigo: mtu fain.
Nikuongeze chai? Fain, maana yake hapana.
Basi mimi natoka. Fain, maana yake nenda,
ila mlango usiubamize.

Jumapili mwanawe Gideon hupiga simu kutoka Aberdeen.
Mansie, baba yake, ana miezi saba kaburini.
Mimi niko ngazini, kikombe mkononi:
fain. Kimya. Fain, mwanangu. Fain.
Hilo silo njema. Wala silo nyembamba.

Siku ya supu nikamweleza desturi yetu:
mtu huulizwa habari za nyumbani, hujibu nzuri,
za watoto, nzuri, za kazi, nzuri,
ndipo anashusha pumzi: ila tumefiwa.
"Ila," akarudia, akiligeuza mdomoni
kama mfupa wa samaki.
Akauliza linaandikwaje. Akaliandika juu ya bahasha ya umeme.

Machi ikaja barua ya maktaba.
Kitabu cha kutengeneza saa za ukutani,
jina la Mansie, siku mia mbili na kitu.
Tikiti ya basi bado imo ukurasa wa mia na kumi na mbili,
pale panapoeleza namna ya kufungua chemchemi bila kuumia.

Tulikwenda pamoja.
Kijana wa maktaba ana hereni, ana aibu.
Akasoma jina, masikio yakamwiva.
"Tumesikia, mama. Tumeifuta. Hakuna deni."
Osla akamwaga sarafu mezani, zikaviringika,
moja ikaenda mpaka chini ya rafu za watoto.
"Mtoze," akasema. "Wafu hawatozwi.
Huyu amechelewa tu."

Kijana akazihesabu mara mbili, akakosea mara mbili.
Akaandika risiti.
Kitabu hakukirudisha. Alikiazima upya kwa jina lilelile,
na kijana, Mungu ambariki, akagonga tarehe.

Njiani rasharasha. Hatukusema kitu.
Nilirudi kwenye daftari, kwenye ile nafasi,
kalamu ikasimama.

Jumapili simu ikalia.
Fain, nikasikia. Fain, Gideon.
Kisha kimya, kirefu kuliko vyote,
kisha, kwa lugha ambayo mwanawe haijui:
"Ila."

Nikapanda ngazi kwa vidole,
nikafunga mlango wangu
taratibu.