Swichi ya Gumba

Usiku aliozaliwa Somoe umeme ulikatika Ligula,
nikahesabu vidole vyake kwa kupapasa.
Kushoto vitano. Kulia nikarudia mara tatu,
maana fundi hasaini kazi aliyoipima mara moja.
Sita.
Gumba la pili, laini kama bua la mchicha,
limeegemea la kwanza, na ukucha tayari.

Mama mkwe akafungua pindo la khanga, akatoa uzi mweusi:
"Tunafunga leo, wiki ijayo kinadondoka."
Nesi Mtipa akamulika kwa simu.
"Hiki kina mfupa, mama. Rudisha uzi wako."
Mke wangu akaugeukia ukuta,
akauliza chokaa: nilikula nini?

Asubuhi dada yake, Tabia, mwalimu wa baiolojia,
akateremka kutoka Newala na kopo la korosho.
Akakishika kidole, hakukiogopa.
"Hukula kitu. Jeni yenyewe ni nzima.
Kilichoteleza ni swichi."

Swichi?
Hapo nikavuta kigoda.
Miaka ishirini na miwili navuta nyaya,
Chikongola, Magomeni, Mikindani kwenye kuta za mawe;
neno hilo ni la kwangu.

Akasema: taa inayochora vidole
ndiyo hiyohiyo inayochora uti wa mgongo,
ndiyo inayoutenga ubongo pande mbili.
Mwili hauna taa nyingi hivyo. Una swichi nyingi,
kila chumba na yake, kila saa na yake.
Na swichi ya mkono haipo ukutani pa taa;
iko mbali, herufi milioni moja kando,
imechimbiwa ndani ya nyumba ya jirani
ambaye hana habari nayo.

Nikacheka hadi nesi akachungulia.
Mtu wa Mtwara unamfundisha hilo?
Gesi inatoka hapo Msimbati,
taa zinawaka Dar,
na mwanangu nimempokea kwa tochi.

"Samaki anayo," akaendelea, akimenya korosho,
"tangu nchi kavu haijajua unyayo.
Kwake inawasha pezi. Kwa kuku, kwa popo, kwa punda,
waya ni ule ule, umepindwa kidogo kidogo.
Kwa Somoe herufi moja tu imebadilika,
mwanga ukamwagika upande uliotakiwa giza."

Na nyoka?

Niliuliza kwa sababu namjua.
Darini, kwenye ghala la korosho Naliendele,
nilishika nilichodhani ni bomba la nyaya,
bomba likapumua.
Chatu. Tulipomtoa, nikaona jirani na mkia
kucha mbili, ndogo kama punje za ulezi,
hazikanyagi popote.

"Swichi yake imeliwa na kutu," akasema Tabia.
"Ndani ya yai mguu unaanza,
unamweka, unazima,
kama tyubulaiti yenye stata mbovu.
Lakini taa hakuing'oa. Angeing'oa
asingefika kuanguliwa; uti wa mgongo ungekosa mchoro."

Nikanyamaza muda mrefu.
Miaka yote nimeamini viumbe hubadilika
kama nyumba inavyobomolewa ikajengwa nyingine.
Kumbe nyumba ni moja, balbu ni za zamani,
na yupo fundi asiyelala, asiyeona,
anayegusagusa swichi gizani;
akikosea sana, hakuna mtoto wa kusimulia,
akikosea kidogo,
tunapata gumba.

Mama mkwe, ambaye tulidhani amesinzia:
"Kidole kimoja hakivunji chawa.
Huyu basi chawa wamkimbie."
Ukuta ukacheka. Yaani mke wangu.

Jumatatu nilirudi kazini, Shangani.
Mwenye nyumba anataka taa ya sebuleni ing'olewe,
inamkera barazani.
Nikamwambia, bosi, iache taa.
Taa hiyo inahudumia vyumba usivyovijua.
Nionyeshe ilipo swichi.