Maji ya Juu, Maji ya Chini

Kijana wa bima alikuja siku ya kumi na tisa,
viatu mkononi, suruali ameikunja hadi magotini,
maana njia yetu ya Boko
mwezi wa nne huwa si njia.
Akalizunguka tela mara mbili, akapiga picha,
akauliza: Mama Semboja,
maji yaliingia kwa juu au kwa chini?

Baba, nikamwambia, maji ni maji.

Akasema hapana. Kwa mujibu wa mkataba
ya juu ni dhoruba, na dhoruba inalipwa.
Ya chini ni mafuriko,
na mafuriko mlikataa kuyalipia mwaka juzi,
saini ya marehemu hii hapa.

Kweli, ni yake. Ule mkia wa j
unaochomoka chini ya mstari kama ndoano.
Alisema sisi tuko mwinuko,
mafuriko ni ya watu wa Jangwani.
Mungu amrehemu, mume wangu
alibana matumizi hata kwenye mvua.

Basi nikamsimulia kijana usiku ule:
upepo ulivyobeba bati la jirani,
tawi la mkungu likatua juu ya paa,
tundu likawa pana kuliko sinia,
mvua ikamwagika ndani hadi alfajiri,
na alfajiri mtaro nao ukafura, ukapanda ngazi,
ukakutana na ya juu katikati ya godoro.
Akapima mstari wa tope. Akaandika.
Akapima tundu. Akaandika.
Sikujua kalamu inaweza kutenganisha maji.

Kisha mjini, ghorofa ya sita, kiyoyozi cha kuua.
Leta kadi ya tela.
Leta cheti cha kifo.
Leta barua ya serikali ya mtaa,
na taarifa ya hali ya hewa yenye mhuri
kwamba tarehe hiyo ilinyesha.
Jiji zima lilikuwa na maji kiunoni,
mimi naambiwa nithibitishe mvua.

Nikaorodhesha vilivyoharibika:
jiko la gesi la pleti mbili,
mapazia niliyoshona mwenyewe,
redio iliyoshika stesheni ukiielekeza Unguja tu,
na mlango wa kabati, upande wa ndani,
alikoandika kwa penseli kila tulikolala:
*Segera, pancha.*
*Lushoto, baridi, tumegombana.*
*Pangani, mbu. Tumepatana.*

Kwenye safu ya thamani kijana akajaza: Hakuna.

Barua ilifika Julai.
Dhoruba asilimia arobaini, mafuriko sitini,
toa uchakavu, toa mchango wa mteja;
kilichobaki kingenunua matairi mawili, tena ya mtumba.
Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
mabaki yatakuwa mali ya kampuni.

Usiku huo nilitoka na bisibisi na tochi ya simu.
Skrubu za juu zilikubali.
Za chini zilikuwa zimekula kutu,
nikazipaka mafuta ya nazi, nikangoja,
nikazibembeleza
kama mtu anayemwamsha mgonjwa ampe dawa.

Gari la kuvuta likaja Jumanne.
Wakahesabu, wakanipa karatasi, wakaondoka nalo.
Kwenye kona ya msikiti lilitoa mlio uleule
wa safari zetu zote,
nami nikajikuta nimeshika pochi, tayari kupanda.

Ijumaa, ujumbe kwenye simu:
*Mlango wa kabati, mmoja, haukuonekana.*
*Makato: shilingi elfu thelathini na tano.*

Nimeusoma hadi nimeukariri.
Wa mtoto wa dada ananiambia nikate rufaa,
eti ananijua, huwa sikubali kuonewa hata na muuza mchicha.
Safari hii nimekubali. Kumbe bei ilikuwepo,
walikuwa hawajauliza vizuri.

Mlango umesimama nyuma ya friji.
Chini ya Pangani pana nafasi ya mstari mmoja,
labda miwili ukibana herufi kama yeye.
Nimechonga penseli.
*Boko*, nimeandika. *Maji.*
Ya juu au ya chini, sijaandika.