Kalenda ya Vidole

Wiki moja kabla ya Krismasi
meza ya jikoni si ya kulia tena.
Gundi imeshika kitambaa, mkasi umeshika gundi,
vipande vya karatasi vinatufuata hadi kitandani.
Nje, Sheffield imeinama chini ya mvua yake ya mshazari,
tramu inapanda mlima ikikoroma,
na saa kumi haijagonga, taa za barabarani zimeshawaka.

Nietiwe, miaka tisa, amenikataza kupika.
"Mama, mvuke utalainisha Machi."
Machi amelazwa kando ya kikaango,
hajakauka.

Anamtengenezea kalenda bibi yake, Nakijwa,
aliyeuguza Waingereza miaka thelathini na mmoja,
usiku akisoma mafaili yao kwa tochi ya mfukoni,
na sasa macho yake mwenyewe yanamwaga
kidogo kidogo, kama rangi ya nguo inayofuliwa kila siku.
Mwaka jana tulimpa kalenda ya dukani, ya maziwa na milima.
Aliipokea, akaipapasa, akashukuru,
akaitundika kichwa chini.
Hakuna aliyecheka.
Nietiwe aliona.

Basi mwaka huu miezi itasomwa kwa kidole.
Januari ni pamba.
Machi ni maharage, kwa kuwa Usangi wanapanda.
Agosti ni kipande cha msasa:
tulikwenda pwani ya Bridlington, upepo ukatulisha
sambusa za mchanga, tukazila hivyo hivyo.
Oktoba ni kifungo cha sare ya hospitali
nilichokikuta ndani ya kopo la sindano.
"Na Novemba ina nini, Mama?"
Nikamwambia, Novemba haina kitu.
Akafikiri, akailamba gundi iliyoganda kidoleni,
akaiacha karatasi tupu.
"Akigusa patupu, atajua."

Kiondo, miaka mitano, alifinyanga kikombe cha Babu.
Kilisimama upande, kama mtu anayetegea umbea dirishani.
Tulipokijaza maji, maji yakatoka kuisalimia meza.
"Kinakojoa!" akasema dada yake,
na kilio kilichofuata kilisikika mtaa wa pili.
Nami, nikiri, nilishavaa koti
niende kununua kikombe kizima,
chenye maandishi ya dhahabu, BABU BORA DUNIANI,
kimoja kati ya elfu kadhaa waliopanga rafuni.
Mvua ndiyo iliyonirudisha.

Asubuhi ya sikukuu Babu Elinihaki alifungua gazeti,
akakiinua kikombe kwenye mwanga,
akamchungulia Kiondo kupitia tundu, kwa jicho moja.
Kisha akasimama, polepole, magoti yakilalamika,
akakusanya kutoka dirishani, juu ya redio, kwenye sahani ya chumvi,
zile betri ndogo za vifaa vya masikio yake.
Tak. Tak. Tak.
"Mwaka mzima hizi zinanikimbia," akasema.
"Maji ningeyawekea kikombe cha nini? Yapo bombani."

Bibi alikuwa hajasema neno.
Vidole vyake vilishavuka msasa, vimefika kwenye kifungo,
vikakizunguka mara mbili, vikatulia.
Hakuuliza kimetoka wapi.
Akafunua, akapapasa, akarudi, akapapasa tena.
"Na hapa?"
"Hapo umeshafika, Bibi. Sema ni wapi."
Kiganja kizima kikalala juu ya ile karatasi laini.
"Novemba," akasema.
"Niliposhuka ndege ilikuwa Novemba.
Nilisimama na sanduku langu,
sikumjua mtu hata mmoja."
Nietiwe akanitazama mimi,
mimi nikatazama chai.

Ndipo harage moja la Machi lilipobanduka.
Bibi alilisikia likidondoka,
Babu aliona lilikobingirikia,
na Kiondo, kichwa mbele, miguu hewani,
akazama chini ya kochi kulifuata.